Msokoto wa Mtutu na Uzito wa Kichwa cha Risasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na wawindaji wenye leseni, askari wa wanyamapori na wamiliki wa bunduki wa Tabora na Kigoma. Kabla ya yote, neno moja lazima linyooshwe. Katika Kiswahili "risasi" ni kitu kizima kinachoingia chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inayopokea risasi), ni kile kinachotoka mdomoni mwa mtutu, na pia ni jina la madini. Katika ukurasa huu, "risasi" ni kile kitu kizima chenye ganda na baruti, "kichwa" ni kile kinachoruka, na madini yataitwa "madini ya risasi".

## Misingi

1. Msokoto wa mtutu ni nini, na 1:10 husomwaje?

Ndani ya mtutu wa raifo kumechongwa mifuo, na katikati ya mifuo hiyo kuna matuta, mithili ya matuta ya shamba la tumbaku, ila haya yamepinda na kuzunguka kadiri yanavyoelekea mdomoni. Kichwa kikisukumwa na baruti, matuta hukikamata na kukilazimisha kuzunguka. Msokoto ni kipimo cha mzunguko huo: 1:10 husomwa "moja kwa kumi", maana yake kichwa kinakamilisha mzunguko mmoja kila kinapopita inchi 10 za mtutu. Watengenezaji wa Ulaya hutumia milimita, na inchi 10 ni milimita 254.

Namba ndogo ni msokoto mkali, namba kubwa ni msokoto mpole. Kwa hiyo 1:7 inazungusha zaidi ya 1:12. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu mtu husikia 12 akadhani ni zaidi.

2. Kwa nini kichwa kizungushwe?

Mshale hutulia kwa sababu manyoya yake yako nyuma, hivyo upepo hushika mkia na kuuacha uzito wa ncha utangulie. Kichwa cha risasi ni kinyume chake. Uzito wake mkubwa uko nyuma, na nguvu ya hewa inakishika mbele ya kitovu cha uzito huo, kwa hiyo kikiachwa bila mzunguko hewa itakipindua mara moja. Kinachokiokoa ni kile kinachoiokoa pia, kile kichezeo cha mtoto: ikizunguka kwa kasi husimama wima, mzunguko ukipungua huyumba, kisha hulala.

Mzunguko wenyewe ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mtutu wa 1:12 hesabu ni rahisi, kwa sababu inchi 12 ni futi moja: kichwa kinachotoka kwa futi 2,530 kwa sekunde kinazunguka mara 2,530 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara 150,000 kwa dakika.

3. Je, msokoto unachaguliwa kwa uzito wa kichwa au kwa urefu wake?

Kwa urefu. Hili ndilo jibu ambalo likieleweka, maswali mengi yanayofuata hujijibu yenyewe.

Watu husema "uzito" kwa sababu uzito ndio unaoandikwa kwenye boksi, nao hupimwa kwa greni (greni 15.43 ni gramu moja). Kwa kaliba moja (jina la risasi na mtutu wake, linaloanza na kipenyo kwa inchi, kama .308, au kwa milimita, kama 7x57), vichwa vikiwa vya aina moja, kizito ndicho kirefu, kwa kuwa unene hauwezi kuongezeka. Mtutu ni ule ule. Kwa hiyo uzito unauwakilisha urefu, na kwa miaka mingi uwakilishi huo ulitosha. Lakini hewa haipimi kichwa kwa mizani. Inakishika kwa urefu wake, na kadiri kinavyokuwa kirefu kwa kulinganisha na kipenyo, ndivyo kinavyopinduka kwa urahisi na kuhitaji msokoto mkali zaidi.

Uwakilishi huo unavunjika pale umbo au madini yanapobadilika. Kichwa chenye pua ya duara ni kifupi kuliko chenye ncha kali cha uzito ule ule. Kichwa chenye mkia uliochongwa kama mkia wa mashua ni kirefu zaidi, na cha shaba tupu ni kirefu kuliko vyote (tazama swali la 8). Vichwa viwili vya greni 180 vinaweza basi kuhitaji mitutu miwili tofauti, ingawa boksi zote mbili zimeandikwa namba moja.

4. Nina gobore. Mambo haya yananihusu?

Hapana. Mtutu wa gobore ni laini ndani, hauna mifuo, na kwa hiyo hauna msokoto wa kulinganisha na chochote. Gololi ya duara haina mbele wala nyuma, haina cha kupinduka, lakini kukosa mifuo ndiyo sababu hutawanyika ovyo ikivuka umbali mdogo. Ni hivyo hivyo kwa shotigani.

## Kulinganisha mtutu na kichwa

5. Nitaujuaje msokoto wa bunduki yangu?

Angalia kwanza maandishi ya mtutuni, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huuandika karibu na kaliba. Usipoukuta, pima mwenyewe. Hakikisha bunduki haina risasi, ondoa bolti kabisa, na uangalie chemba kwa macho na kwa kidole. Chukua fimbo ya kusafishia ambayo mpini wake unairuhusu kuzunguka, ifunge kitambaa kinachobana vizuri, isukume ndani kidogo hadi kitambaa kishike mifuo. Weka alama mbili kwenye fimbo: moja juu yake ili kuona mzunguko, nyingine mahali inapoingilia mtutuni. Sukuma taratibu hadi alama ya juu irudi pale ilipoanzia, weka alama tena mahali pa kuingilia, kisha pima umbali kati ya alama mbili za kuingilia. Ukipata inchi 10, msokoto ni 1:10.

Rudia mara tatu. Kitambaa kilicholegea huteleza juu ya matuta na kutoa namba kubwa kuliko kweli, na fimbo yenye mpini usiozunguka haifai kabisa. Mtutu mfupi usiofikisha mzunguko mzima unapimwa kwa nusu mzunguko, kisha unazidisha kwa mbili.

6. Msokoto upi unafaa uzito upi kwa kaliba tulizonazo huku?

Nianze na ndogo. Bunduki ya .22 LR kwa kawaida ina 1:16, na kichwa chake cha greni 40 hakina shida nayo. Kwa .223 Remington mambo ni tofauti, kwa sababu hakuna kaliba yenye misokoto mingi kama hii: 1:12 inatosha hadi greni 55, 1:9 hufika karibu na 70 kutegemea urefu, 1:8 hubeba 77, na 1:7 hubeba vichwa virefu zaidi ya hapo. Anayenunua .223 bila kuuliza msokoto amenunua nusu ya bunduki.

Kaliba za zamani za Mauser, kampuni ya Kijerumani ya bunduki, zilipewa misokoto mikali tangu mwanzo, kwa kuwa zilizaliwa wakati vichwa vilikuwa virefu, vizito na vyenye pua ya duara. 7x57 ina mzunguko mmoja kila milimita 220 kwa vichwa vya greni takriban 173. 6.5x55 ya Sweden ina milimita 200 kwa vichwa vya greni 156 hadi 160. Ndiyo maana bunduki hizi, zenye umri wa kupita karne, hazishtuki zikipewa vichwa virefu vya kisasa.

.30-06 ina historia kama hiyo. Risasi iliyoitangulia, ya mwaka 1903, ilibeba kichwa cha greni 220 chenye pua ya duara, na mtutu ukafanywa 1:10. Mwaka 1906 Wamarekani walihamia kichwa chenye ncha cha greni 150, lakini msokoto ulibaki, na leo .30-06 inakubali karibu chochote kati ya 150 na 220. .308 Winchester hupatikana kwa 1:12 na 1:10. Ya kwanza inatosha kwa vichwa vya kawaida hadi greni 168 au 175, ya pili haina haja ya kuchagua. .303 ya Kiingereza ni 1:10, na ilitumia vichwa vya greni 215 kabla ya kile cha 174 kuingia mwaka 1910.

Ipo pia 9.3x62, ambayo kwa watu wa mkoa wa Tabora si ngeni kihistoria. Fundi Otto Bock wa Berlin aliibuni mwaka 1905 ili mlowezi wa makoloni ya Kijerumani barani Afrika, Tabora ikiwa mojawapo ya vituo vyake vikubwa, apate bunduki ya mbogo inayoingia katika mwili wa kawaida wa Mauser. Msokoto wake ni milimita 360, kichwa chake greni 286, na ndoa hiyo haijawahi kuhitaji suluhu. Kaliba kubwa kuliko hiyo tazama swali la 9.

Wasomaji wa .243 wanapaswa kukijua kisa cha mwaka 1955. Winchester, kampuni ya Kimarekani, walitoa .243 yenye 1:10, washindani wao Remington wakatoa .244 yenye 1:12. Kwa vichwa vyepesi zilikaribiana kabisa, lakini mnunuzi alitaka bunduki moja itakayopiga mnyama mdogo na swala pia, yaani kichwa cha greni 100, na 1:12 haikukituliza kwa uhakika. Remington walibadili msokoto kuwa 1:9, na mwaka 1963 wakaipa kaliba jina jipya la 6mm Remington, lakini soko lilikuwa limeshaondoka. Tofauti ya inchi mbili tu iliua jina la bunduki.

7. Kuna hesabu ninayoweza kuifanya mwenyewe?

Zipo mbili. Ya zamani ni ya George Greenhill, mwanahisabati aliyefundisha maafisa wa mizinga Woolwich, Uingereza, ya mwaka 1879. Zidisha kipenyo cha kichwa kwa chenyewe, zidisha kwa 150, kisha gawanya kwa urefu wa kichwa, vyote kwa inchi. Tuseme kichwa cha .308 kina urefu wa inchi 1.25: 0.308 mara 0.308 mara 150, gawanya kwa 1.25, jibu ni 11.4. Mtutu wa 1:10 au 1:11 unatosha. Kwa mwendo unaopita futi 2,800 kwa sekunde wengi huweka 180 badala ya 150.

Ya pili ni ya Don Miller, mtafiti wa Kimarekani. Hiyo hutoa kipimo cha uthabiti, nayo inazingatia uzito, urefu, kipenyo na msokoto kwa pamoja. Kipimo kikiwa chini ya 1 kichwa kitapinduka. Kati ya 1 na 1.3 kinaweza kuruka lakini hakiaminiki, 1.4 au 1.5 ndiyo shabaha ya kawaida. Kichwa kile kile cha inchi 1.25, kikiwa na greni 180, hupata takriban 2.5 katika mtutu wa 1:10 na 1.7 katika 1:12. Hesabu zote mbili zilikusudiwa vichwa vya kiini cha madini ya risasi, na kichwa chenye ncha ya plastiki huzidanganya kidogo, kwa sababu ile ncha inaongeza urefu bila kuongeza uzito. Hesabu huonyesha uthabiti mdogo kuliko uliopo.

8. Vichwa vya shaba tupu vinabadilisha nini?

Vinabadilisha mengi. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo ili kufikisha uzito ule ule kichwa lazima kirefuke. Chukua kichwa cha shaba cha greni 180 katika .308 chenye urefu wa inchi 1.45 badala ya 1.25. Kwa hesabu ya Miller, mtutu wa 1:10 unakipa 1.6, ambayo ni salama, lakini 1:12 unakipa 1.1 tu. Uzito haujabadilika hata greni moja.

Ushauri wangu ni kwamba anayehamia shaba ashuke daraja moja la uzito. Aliyezoea 180 achukue 165 au 150. Kwa kuwa shaba haipotezi uzito mwingi ndani ya mnyama, upungufu huo haugharimu anachodhani utamgharimu.

9. Nina .375 au .458. Nihangaike na msokoto?

La. .375 H&H ya mwaka 1912 ina 1:12, na kichwa chake cha greni 300 hupata kipimo kinachokaribia 3. .458 Winchester ya mwaka 1956 ina 1:14 na kichwa cha greni 500 ambacho ni kinene na kifupi mno kiasi kwamba kipimo chake hupita 4. Anayekwenda Moyowosi kwa nyati na .375 ana mambo mengine ya kuhangaikia.

## Dalili na matatizo

10. Nitatambuaje kwamba kichwa hakitulii?

Karatasi itakuambia. Kichwa kilichotulia hutoboa tundu la duara lenye ukingo wa kijivu uliosawazika. Kisichotulia hutoboa tundu la mviringo uliorefuka, na kikishapinduka kabisa huacha umbo la kichwa kilicholala ubavu, kama tundu la ufunguo. Niliwahi kuletewa .223 ya 1:12 iliyodaiwa kuharibika darubini. Mwenyewe alikuwa ameirekebisha darubini asubuhi nzima. Boksi lilikuwa la greni 75, na kwenye katoni ya mita 50 kila kichwa kilikuwa kimechora ubavu wake kamili. Tukampatia za greni 55, darubini ikapona.

Piga karatasi kwa mita 25, 50 na 100. Matundu yaliyorefuka kote yanaonyesha msokoto mpole mno au mtutu uliokwisha (swali la 14). Tundu la duara lakini kundi lililotawanyika lina sababu nyingine nyingi, na msokoto uwe wa mwisho kushukiwa.

11. Basi kwa nini nisichukue msokoto mkali kuliko yote?

Kwa bunduki ya kuwindia, kukosea upande wa ukali ni kosa dogo kuliko kukosea upande wa upole. Hata hivyo si bure. Kichwa chepesi chenye gamba jembamba la nje, kikitoka kwa futi 3,000 kwa sekunde katika mtutu wa 1:7, kinazunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, na vingine hupasuka hewani vikaacha moshi wa kijivu tu. Pia kasoro ndogo ya ulinganifu wa kichwa huongezwa na mzunguko, kama gurudumu la pikipiki lisilosawazishwa ambalo halisikiki kwa mwendo mdogo bali hutikisa usukani kwa mwendo mkubwa.

12. Je, hali ya hewa ya Tabora au Kigoma ina athari?

Inayo, na kwa bahati iko upande wetu. Kinachokipindua kichwa ni hewa, na hewa nyepesi hupindua kwa nguvu ndogo. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa joto la nyuzi 28 hewa yake ni nyepesi kiasi kwamba kipimo cha uthabiti hupanda kwa takriban moja ya tano kuliko kile cha usawa wa bahari kwa nyuzi 15. Mji wa Kigoma, kando ya ziwa lililo mita 770 hivi, hupata ongezeko dogo zaidi.

Upande wa pili wa jambo hilo ulionekana Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bunduki ya AR-15 ilikuja na 1:14, ikapiga vizuri katika joto, kisha katika majaribio ya baridi kali hewa nzito ikaanza kuvipindua vichwa vyake vya greni 55, na jeshi likahamia 1:12. Kwa hiyo mtutu wenye kipimo cha 1.1 kwenye hesabu unaweza kupiga vizuri Sikonge mchana wa Oktoba, na bado usiwe mtutu sahihi.

13. Mtutu ukikatwa, msokoto unabadilika?

Msokoto haubadiliki, kwa sababu mifuo iliyobaki ina mwinamo ule ule. Kinachopungua ni mwendo, kwa kawaida futi 20 hadi 30 kwa sekunde kwa kila inchi, na kushuka kutoka futi 2,800 hadi 2,700 hupunguza uthabiti kwa takriban asilimia moja tu.

14. Bunduki ya zamani ilikuwa ikipiga vizuri, sasa matundu yamerefuka. Msokoto umechoka?

Msokoto hauchoki, ila matuta huchakaa hadi yakashindwa kukishika kichwa. Huku kwetu adui mkubwa ni kutu. Risasi za zamani za kijeshi mara nyingi zina fataki (kiwashio cha baruti) inayoacha chumvi mtutuni, na chumvi hiyo hunywa unyevu wa hewa. Bunduki iliyolala usiku mmoja Kigoma wakati wa masika bila kuoshwa huamka na madoa. Mafuta hayayeyushi chumvi. Osha kwa maji ya moto kwanza, kausha, ndipo utie mafuta.

15. Kuzunguka kushoto au kulia kuna tofauti?

Kwa uthabiti hakuna. Lee-Enfield nyingi, zile bunduki za Kiingereza, huzungusha kushoto, bunduki nyingi za leo kulia. Kwa mbali sana kichwa husogea kidogo kuelekea upande wa mzunguko, lakini kwa umbali wa kuwinda kwenye miombo hutauona.

16. Msokoto mkali hufanya kichwa kiende moja kwa moja ndani ya mnyama?

Usiutegemee. Nyama ina uzito wa karibu na maji, na maji ni mazito mara 800 hivi kuliko hewa ya usawa wa bahari, kwa hiyo mzunguko unaotosha hewani hautoshi ndani ya mwili kwa msokoto wowote unaouzwa. Kinachoongoza njia humo ni umbo na ugumu wa kichwa, na ndiyo maana vichwa vigumu vya nyati na tembo vyenye pua bapa husafiri kwa unyoofu kuliko vyenye pua ya duara.

17. Naweza kubadilisha mtutu nipate msokoto mwingine?

Kiufundi inawezekana, lakini si kazi ya karakana ya mtaani. Bunduki na risasi nchini ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mtutu usiolingana na kumbukumbu za leseni utakuletea maswali magumu kuliko haya. Wasiliana kwanza na polisi wa wilaya yako, kisha utafute fundi mwenye leseni. Lakini kabla ya safari hiyo, nunua boksi moja la risasi zenye kichwa kifupi zaidi ulipige kwenye karatasi kama ilivyoelezwa katika swali la 10. Walio wengi walionijia wakitaka mtutu mpya walirudi nyumbani na ule ule.